Jinsi ya kuchagua sehemu ya kuchimba kisima kwenye mto wa mchanga: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa hadithi ni ile ile. Mtu kachimba kisima kando ya mto mwezi wa tatu, maji kayakuta mita 2 tu, kafurahi, kashusha makaravati (pete za zege za kujengea kisima), kanunua mota ya kuvutia maji, kapanda nyanya, alafu nyanya zinapoanza kuweka maua kisima kimebaki tope. Anachimba kingine hatua chache pembeni, nacho kinakauka. Mwisho anatangaza kwamba ule mto hauna maji, wakati kina mama wa kijiji cha pili wanachota mto huo huo mpaka mvua zinarudi.

Shida karibu kila mara iko kwenye kuchagua sehemu. Watu wanachagua pale penye shamba, au pale gari inapofika, au pale walipoona maji masika. Mto wa mchanga hautunzi maji sawasawa urefu wake wote. Chini ya ule mchanga mwamba unapanda na kushuka, kuna sehemu mchanga una kina cha mita 4 na kuna sehemu nusu mita tu, na kwa juu zote zinafanana. Kwahiyo kazi yetu hapa ni moja: kujua kilichopo chini kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simenti.

## Mito inayohusika

Naongelea mito ya msimu, ile inayojaa masika na kiangazi inabaki mchanga mtupu. Huku Dodoma na Singida tunayo mingi, kuna Bubu unaoshukia Bahi, kuna Kinyasungwe ambao maji yake yanaishia kwenye Wami, na makorongo kibao ambayo hata kwenye ramani hayana jina. Same kule Kilimanjaro ni hivyo hivyo, na wenzetu wa Kitui na Makueni kule Kenya wanaishi na mito ya aina hii hii.

Mito hii ina bahati moja, mingi imepita kwenye miamba kama granaiti ambayo ikimomonyoka inatoa mchanga mkubwa mkubwa, na mchanga mkubwa ndo unaotunza maji na kuyaachia. Kama mto wako unatokea kwenye mbuga ya udongo mweusi, mchanga wake unakuwa laini umechanganyika na tope. Hapo utapata maji kidogo hata ukichimba vizuri, bora ujue mapema.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Nondo ya milimita 16. Nondo nzima ina mita 12, ikate vipande 3 vya mita 4. Mwambie fundi wa kuchomelea achonge ncha kila kipande, alafu apige mikato midogo kila sentimita 25, na mdomo wa mkato uangalie juu ili ukivuta nondo mkato ubebe mchanga wa kina kile.
- Nyundo kubwa na ngazi fupi au pipa la kusimamia, maana nondo ya mita 4 huwezi kuigonga ukiwa umesimama chini.
- Spana ya bomba ya kubania nondo wakati wa kuvuta. Inakaza kweli ikishazama.
- Futi ya mita 30, au kamba uliyoifunga fundo kila mita.
- Ndoo 2 za lita 20, chupa ya lita 1, na kitambaa safi.
- Chepe, sururu, kamba imara.
- Makaravati 2 au 3 ya kipenyo cha mita 1 kwa ajili ya shimo la majaribio. Hayapotei, utayatumia kwenye kisima chenyewe.
- Mota ya petroli ya inchi 2, ya kuazima inatosha.
- Kipima chumvi cha mkononi, vile vidogo vya kalamu.
- Daftari na penseli, na simu yenye GPS.

Watu watatu wanatosha kwa hatua za mwanzo. Kwenye shimo la majaribio mtafute wanne, na nitaeleza kwanini.

## Hatua ya 1: Subiri kiangazi kiive

Pima mwisho wa kiangazi. Kwa Dodoma na Singida ambako tuna msimu mmoja wa mvua, muda mzuri ni Oktoba mpaka katikati ya Novemba. Kwa Kitui na Makueni, mvua zao zikiwa mbili, Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba inafaa.

Sababu ni rahisi, maji utakayoyakuta wakati huo ndo maji ya chini kabisa kwa mwaka. Ukipima Machi kila sehemu ni nzuri, hata sehemu mbovu. Ukipima Oktoba sehemu mbovu zimeshajitoa zenyewe.

Onyo: usikubali fundi akuambie "tuchimbe sasa hivi udongo ni laini". Udongo ni laini kwasababu umelowa, na maji yaliyoulowesha mwezi wa tisa hayapo.

## Hatua ya 2: Waulize wanaochota, alafu soma miti

Nenda mtoni asubuhi na mapema, saa 12 au saa 1, ukutane na wanaochota. Wasalimie vizuri, waeleze unachotafuta, alafu uliza maswali matatu: ni shimo gani mlichota mwisho kabla mvua hazijaja mwaka jana, mlichimba mpaka wapi kwenye mwili (gotini, kiunoni, kifuani), na maji yake yana chumvi? Wafugaji nao waulize, ng'ombe wanapelekwa kunywa wapi mwezi wa kumi.

Mashimo ya zamani yanajionesha hata kama yamefukiwa. Utaona vilima vidogo vya mchanga uliotupwa pembeni, na miiba iliyozungushwa kuzuia mifugo. Sehemu iliyochimbwa miaka na miaka ina sababu yake. Punda na nyani pia wanafukua, fuata nyayo zao.

Alafu angalia miti ya kingoni. Mkuyu ndo mti wa kwanza kuutafuta, mkuyu mkubwa wenye majani mabichi mwezi wa kumi maana yake mizizi yake imefika kwenye maji. Mikindu na matete ni dalili nzuri zaidi, hivyo havivumilii maji kuwa mbali. Mgunga usikudanganye sana kwani mizizi yake inaweza kushuka mbali kuliko utakavyochimba wewe, na mbuyu achana nao kabisa, unatunza maji kwenye shina lake.

Umefanikiwa kama: una sehemu 3 mpaka 5 kwenye urefu wa kilomita moja au mbili ambazo watu, mifugo na miti wote wanakubaliana. Ukiwa na moja tu endelea kutembea, kwasababu hatua zinazofuata zitakata baadhi.

## Hatua ya 3: Tafuta kinachozuia maji

Maji ndani ya mchanga hayajasimama. Yanateremka polepole kufuata mto, na yasipozuiwa na kitu yatakuwa yameshaondoka kabla ya Oktoba. Unatafuta sehemu ambayo mwamba au udongo mzito umekatiza mto chini ya mchanga, maji yanajikusanya nyuma yake kama kwenye bakuli.

Dalili za juu ni hizi. Mwamba unaotokeza kingo zote mbili kwa wakati mmoja, mara nyingi umeunganika chini. Mto uliokuwa mpana ghafla unabanwa. Miti mibichi inajazana upande wa juu wa hiyo sehemu na upande wa chini pamekauka, hiyo ya mwisho ni dalili kubwa kuliko zote na ukiiona weka alama kwenye GPS hapo hapo.

Sehemu yako ya kupima inaanzia upande wa juu wa kizuizi, yaani upande maji yanakotokea. Wengi wanakosea wanachimba upande wa chini kwasababu mwamba unawapa kivuli.

Onyo: epuka sehemu ambazo malori yanachota mchanga wa ujenzi. Mchanga ndo tanki lako, ukiondoka na maji yanaondoka nao. Makueni waliona madhara yake mpaka kaunti ikatunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Kama malori yanaingia kwenye eneo lako, ongea na serikali ya kijiji kabla ya yote.

## Hatua ya 4: Gonga nondo

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ndo hatua ambayo ingewaokolea pesa. Tenga siku nzima.

Simama kwenye kizuizi ulichokipata, panda na mto kwenda juu. Kila mita 20 chora mstari wa kukatiza mto, na kwenye kila mstari gonga pointi tatu: karibu na kingo ya kushoto, katikati, karibu na kingo ya kulia. Mistari 6 inatosha kwa kuanzia, hiyo ni pointi 18.

Gonga nondo wima, usiipindishe. Sikiliza sauti na mkono wako. Kwenye mchanga inashuka kwa kila pigo na sauti ni nzito. Ikifika kwenye udongo wa mfinyanzi inashuka polepole na sauti inafifia. Ikigonga mwamba inalia kali na nyundo inarudi mkononi, acha hapo hapo usije ukaipinda.

Kabla ya kuvuta weka alama kwenye nondo usawa wa mchanga. Ivute moja kwa moja juu bila kuizungusha, ukiizungusha mikato inamwaga kilichobeba. Ilaze kwenye gunia safi na uisome kuanzia juu kuja kwenye ncha.

Mikato ya juu utaikuta mitupu au ina vumbi la mchanga mkavu unaopukutika ukigusa. Ukishuka utakuta mchanga umegeuka rangi, mweusi kidogo, umeng'ang'ania kwenye chuma. Mkato wa kwanza wenye mchanga unaong'aa kwa maji ndo usawa wa maji, pima kutoka kwenye alama yako. Endelea mpaka kwenye ncha: mchanga mkubwa ukiusugua vidoleni unakwaruza, tope linateleza, mfinyanzi unaacha doa la kijivu au jekundu ambalo halitoki kwa kupuliza.

Andika kila kitu kwenye daftari: namba ya pointi, upana wa mto hapo, kina cha maji, kina cha chini kabisa, aina ya mchanga kila mkato, na miti iliyopo karibu. Usitegemee kichwa, pointi ya kumi utakuwa umeshasahau ya tatu.

Sasa soma namba zako. Tuseme katikati ya mto umepata kina cha mita 1 kwenye mstari wa kwanza, alafu 3.2, 3.8, 3.5, 2.1, na 1.4. Hiyo mita 1 ndo kizuizi, na hilo shimo la mita 3 na kitu nyuma yake ndo tanki. Kisima kinakaa kwenye 3.8.

Ukiwa na kina kikubwa lakini nondo imetoka kavu mpaka chini, maji yamepita, kizuizi hakipo au kina ufa. Hama. Hata kama shamba lako liko pale pale, hama.

Umefanikiwa kama: una pointi yenye mchanga wa angalau mita 2.5, na angalau mita 1 ya chini ina maji Oktoba. Mchanga chini ya mita 1.5 achana nao, jua linaweza kunyonya maji ya juu mpaka kina cha karibu sentimita 60 hadi 90, kwahiyo kinachobaki ni kidogo mno.

## Hatua ya 5: Jaribio la ndoo

Mchanga kuwa na maji na mchanga kuyaachia ni vitu viwili tofauti. Tope linaweza kulowa chepechepe na bado kisima kisipate kitu.

Chukua mchanga wa kina unachotaka kuchimba, uanike ukauke kabisa, jaza ndoo ya lita 20. Mimina maji kwa chupa ya lita 1 ukihesabu, mpaka maji yaanze kung'aa juu ya mchanga. Alafu toboa tundu dogo chini ya ndoo, weka kitambaa kisipitishe mchanga, kinga ndoo ya pili chini, subiri saa moja, pima yaliyotoka.

Mchanga mkubwa utaachia kama lita 7. Wa kati kama lita 5. Mchanga laini lita 4 hivi au pungufu. Tope halifiki lita 2, mara nyingi ni lita 1 tu.

Umefanikiwa kama: umepata lita 5 kwenda juu. Lita 4 unaweza kwa matumizi ya nyumbani na bustani ndogo. Chini ya 3 rudi kwenye daftari uangalie pointi nyingine.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya akiba

Hesabu hii ni ya makadirio ila inakuzuia kupanda heka mbili kwa maji ya robo heka.

Zidisha urefu wa tanki lako kwa upana wa mto kwa wastani wa kina chenye maji, alafu zidisha kwa asilimia uliyoipata kwenye ndoo. Tuseme mita 100 urefu, mita 15 upana, mita 1.5 za maji, na ndoo iliachia lita 5 kati ya 20, yaani asilimia 25. 100 mara 15 mara 1.5 mara 0.25 unapata kama mita za ujazo 560, sawa na lita 560,000.

Yote hutayapata, mengine yatakuwa mbali na kisima au yatavuja. Chukua nusu, lita 280,000.

Upande wa matumizi, mboga kwenye jua letu zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Heka moja ina mita za mraba 4,047, kwahiyo ni kama lita 20,000 kwa siku. Nusu heka lita 10,000. Ukigawa 280,000 kwa 10,000 unapata siku 28, mto usipoleta maji mengine kutoka juu. Ukianza kumwagilia Juni na tanki likiwa limejaa, na mto bado unajaza polepole, nusu heka inaweza kufika. Ukianza Septemba na namba hizo hizo nyanya za miezi mitatu haziwezi kufika, panda mchicha.

## Hatua ya 7: Shimo la majaribio

Sasa chimba, kwenye ile pointi bora ya daftari lako.

Weka karavati la kwanza juu ya mchanga, mtu anachimba ndani yake na karavati linashuka lenyewe kwa uzito wake, likizama unaongeza la pili juu. Usichimbe shimo wazi la mchanga ukasema utaweka makaravati baadae. Mchanga uliolowa hautoi taarifa, ukimfunika mtu kifuani hawezi kupumua na huwezi kumfukua kwa chepe kwa wakati. Ndo maana nilisema watu wanne, mmoja ndani na kamba kiunoni, watatu juu, na wale wa juu hawaondoki kwenda kunywa chai.

Na jambo la pili ambalo limeua watu wengi: usishushe mota ya petroli ndani ya kisima, hata kwa dakika tano. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, inajaa chini, mtu anaanguka, mwenzake anashuka kumuokoa naye anaanguka. Kushusha kibatari kupima hewa hakukusaidii, hakiioni gesi hiyo. Mota ikae juu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na mdomo wa shimo.

Chimba mpaka maji yanakuzidi kasi hata ukichota kwa ndoo. Acha shimo lipumzike usiku mzima.

Asubuhi pima usawa wa maji kutoka mdomo wa karavati, andika. Washa mota, vuta mpaka maji yakaribie chini, zima. Hapo hapo anza kupima maji yanavyopanda, kila dakika 5, kwa kamba yenye jiwe au kwa fito iliyochorwa.

Karavati la kipenyo cha mita 1 lina lita 785 kwa kila mita ya kina. Kama maji yamepanda sentimita 60 ndani ya nusu saa, hiyo ni lita 471, kwa saa moja ni kama 940. Kwa kuvuta na kupumzisha mchana kutwa, saa 10, unapata karibu lita 9,400. Utaona maji yanapanda kwa kasi mwanzoni alafu yanapunguza mwendo yakikaribia juu, ni kawaida, inamaanisha usisubiri kijae ndo uvute tena.

Rudia siku tatu mfululizo. Hapa watu wanapenda kuishia siku ya kwanza kwasababu wamefurahi, na siku ya kwanza ndo inayodanganya, unavuta akiba iliyokuwa imekaa karibu na shimo. Siku ya tatu inaonesha kama maji ya mbali yanafika.

Umefanikiwa kama: asubuhi ya siku ya nne maji yamerudi karibu pale pale yalipokuwa siku ya kwanza, tofauti ya sentimita chache. Yakiwa yanashuka kila asubuhi kwa sentimita 20 au 30, tanki ni dogo kuliko hesabu yako, punguza shamba au jaribu pointi ya pili.

Angalia pia kinachotoka. Maji yakiendelea kuleta mchanga laini baada ya siku tatu, kisima kitajifukia. Hilo linatibika kwa kokoto ndogo chini na nje ya karavati la mwisho, ila lijue kabla.

## Hatua ya 8: Pima maji yenyewe

Ukiona ukoko mweupe kingoni, au ng'ombe wanalamba udongo wa hapo, shuku chumvi. Chovya kipima chumvi kwenye maji ya siku ya tatu. Kwa umwagiliaji, chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita (ndo kipimo cha chumvi kwenye maji) huna wasiwasi, kati ya 700 na 3,000 chagua zao, zaidi ya 3,000 acha. Maharage yanaumia mapema sana, nyanya zinavumilia zaidi. Kama kipima chako kinaonesha ppm (sehemu kwa milioni), zidisha mara 2 upate makadirio ya mikrosimensi.

Kwa kunywa, kipima hicho hakitoshi. Singida, Arusha, Manyara na Shinyanga zina sehemu zenye floridi nyingi, na floridi huionji wala kuiona, watoto ndo wanaionesha kwenye meno. Kuchemsha hakuiondoi. Peleka chupa maabara ya maji ya mkoa, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani na kisiwe upande wa juu wa mteremko, zizi vivyo hivyo. Na hata maji yakionekana meupe safi, ya kunywa yachemshe au yawekee klorini, mchanga unachuja uchafu mwingi ila mifugo inapita juu yake kutwa nzima.

## Hatua ya 9: Katikati ya mto au kingoni?

Katikati kuna maji mengi, na katikati ndipo mafuriko yanapopita na magogo. Kisima cha katikati usikiachie shingo ndefu juu ya mchanga. Kabla ya mvua toa mota, funika kwa mfuniko mzito wa zege, kizamishe chini ya mchanga, pima umbali wake kutoka miti miwili ya kingoni ili uweze kukifukua Mei.

Kingoni ni salama zaidi kwa mafuriko, ila kingo nyingi ni mfinyanzi na mfinyanzi haupitishi maji. Unaweza kuchimba mita 5 tu kutoka kwenye mchanga uliojaa maji na ukapata tope. Gonga nondo kingoni pia. Ukikuta mfinyanzi mpaka chini, chimba kisima kingoni lakini ukiunganishe na mchanga wa mtoni kwa bomba lenye matundu, lililolazwa chini ya usawa wa maji ya Oktoba, likiinamia kisimani, na limezungushiwa kokoto.

Kwenye kona ya mto usichimbe upande wa nje, kingo ya nje inaliwa kila masika na kisima kitaenda nayo. Upande wa ndani mto unaweka mchanga mpya. Sehemu iliyonyooka ni bora kuliko zote mbili.

Alafu kimo cha mota. Mota ya juu inanyonya maji kutoka kina cha mita 6 hivi, ukizidisha hapo inavuta hewa, na kwenye nyanda za juu kama Dodoma usitegemee zaidi. Pima kutoka pale mota itakapokaa mpaka usawa wa chini kabisa wa maji wakati unavuta, sio usawa wa asubuhi. Kingo ikiwa ndefu sana chonga kijukwaa cha mota chini kidogo, au nenda na pampu ya sola ya kuzamisha.

Kama mto wako unatiririka mwaka mzima, hatua ni zile zile ila kazi kubwa inakuwa hii ya kingo: unatafuta kingo ya mchanga au changarawe, isiyo na tabaka la mfinyanzi kati ya mto na kisima.

## Hatua ya 10: Kibali kabla ya makaravati ya kudumu

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto haziruhusiwi humo. Kwahiyo shamba na tanki la kuhifadhia maji viwe nje ya hizo mita 60, na kuhusu kisima chenyewe nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako na daftari lako la vipimo. Kwa Bubu utaenda Bonde la Kati, kwa Kinyasungwe ni Wami/Ruvu. Kenya unaenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA.

Anza na serikali ya kijiji. Waeleze utavuta lita ngapi kwa siku, waoneshe namba za siku tatu, na wale kina mama uliowauliza mwanzo wawepo kwenye kikao, kwasababu shimo lao likishuka baada ya mota yako kuanza watakuwa na haki ya kulalamika. Kama shimo lao liko karibu, siku za majaribio mtu mmoja akae pale apime maji yake kabla na baada ya kuvuta. Likishuka kwa wazi, sogea mstari mmoja au miwili juu au punguza saa za kuvuta, muandike makubaliano.

Ukishapata ruhusa, paka rangi kwenye mwamba au mti wa kingoni kuonesha usawa wa maji wa Oktoba hii, andika tarehe pembeni, alafu ndo umpigie fundi wa kisima.